Siku Hiyo Mama Hakulia

Swali lilikuwa lilelile kila muhula: taja na ufafanue mbinu tano za uandishi zilizotumika katika dondoo hili, alama 10. Unaandika tashbihi, unatoa mfano. Unaandika taswira, unatoa mfano. Kinaya, taharuki, mbinu rejeshi. Alama mbili kila mbinu, moja ya kutaja na moja ya kufafanua. Ukimaliza unapiga mstari, unaenda swali linalofuata. Nilikuwa mzuri sana kwa hiyo kazi. Ningeweza kukuokotea jazanda hata kwenye tangazo la mazishi.

Kuna swali moja ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza, na mimi mwenyewe sikujiuliza hadi nilipofika miaka 24. Mbinu hizi zinamfanya nini yule anayeandikwa? Msomaji anapata taharuki, mwandishi anapata sifa, mwanafunzi anapata alama zake mbili. Na yule ambaye maisha yake ndiyo malighafi, yeye anapata nini?

Nianze na mtu. Nitamwita Dawati, kwa sababu tuliketi dawati moja kuanzia kidato cha kwanza katika shule ya kutwa, mji mmoja wa Bonde la Ufa, na kwa sababu hataki jina lake hapa. Dawati alikuwa mkali darasani. Si mkali wa kukesha na vitabu, la. Alisoma kitu mara moja kisha akageukia dirisha, na ukimuuliza baadaye, kiko chote kichwani. Mwalimu wetu wa Kiswahili alipenda kusoma insha bora mbele ya darasa, na kwa karibu miaka miwili ilikuwa ya Dawati au yangu. Ya Dawati zaidi. Najua kwa sababu nilikuwa nahesabu.

Mamake alipikia watu wa mjengo. Karibu na stendi kulikuwa kunajengwa jumba la orofa sita, na saa saba mchana mafundi na vibarua walishuka wakiwa na vumbi la saruji hadi kwenye kope, wakala githeri wakiwa wamesimama. Katika insha moja ya kidato cha pili Dawati aliandika kwamba njaa ya watu wengine ndiyo iliyotusomesha. Mwalimu alisoma sentensi hiyo mara mbili. Mimi niliinakili nyuma ya daftari langu la hesabu.

Kisha jumba likaisha. Watu nikiwasimulia hii sehemu huwa wanangoja ugonjwa, mimba, au baba mlevi. Hakukuwa na kitu kama hicho. Mjengo uliisha, mafundi wakahamia mjengo mwingine mji mwingine, na karo nayo ikaisha. Muhula wa tatu Dawati alitumwa nyumbani pamoja na wengine kuleta karo. Alirudi mara moja tu, na mamake, kurudisha vitabu vya shule. Nilikuwa karibu na mlango wa stoo ya vitabu. Niliona kila kitu.

Mimi niliendelea. Nikafika chuo kikuu, nikakaa miaka miwili na nusu, nikaacha. Hiyo stori haina utamu: ina barua za madeni na asubuhi nyingi za kushindwa kutoka kitandani. Sasa naishi kwa kuandika. Naandika maelezo ya bidhaa, wasifu wa watu wanaotafuta kazi, hotuba za harusi za watu nisiowajua. Mara mojamoja naandika hadithi.

Miaka miwili iliyopita niliuza hadithi fupi kwa shilingi 8,000. Ilihusu msichana anayerudisha vitabu shuleni akiwa na mamake. Mama amesimama kwenye mlango wa stoo, mikono yake ina harufu ya vitunguu, vitabu vinahesabiwa kimoja kimoja. Kitabu cha Jiografia kinakosekana, na mama analia. Sentensi ya mwisho ya hadithi ilikuwa ile ya njaa. Watu waliipenda. Kuna aliyeipiga picha akaitupa kwenye WhatsApp, ikatembea.

Hivyo ndivyo ilivyomfikia Dawati. Alinitumia ujumbe wa sauti wa sekunde 41, baada ya miaka sita ya kutoongea.

"Sasa wewe. Nimeona stori yako. Umeandika poa, si uongo. Lakini mathee hakulia hiyo siku. Ni mimi nililia. Mbona ulinitoa?" Pikipiki ikapita nyuma ya sauti yake. "Na ile laini ya mwisho ni yangu. Ulijua ni yangu."

Sikumjibu kwa siku kumi.

*

Katika hizo siku kumi nilijificha ndani ya kitabu. Nilikuwa nimekinunua kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba mjini, shilingi 300, jalada limekunjwa pembe. Ni riwaya ya Elena Ferrante, mwandishi wa Italia anayetumia jina la kalamu na ambaye hajawahi kujitokeza hadharani. Kwa Kiitaliano inaitwa L'amica geniale na ilitoka mwaka 2011. Mimi nilisoma tafsiri ya Kiingereza ya Ann Goldstein, My Brilliant Friend. Ni ya kwanza kati ya riwaya nne zinazosimulia urafiki mmoja kuanzia utotoni hadi uzeeni. Nilidhani naenda kupumzika kwenye maisha ya watu wa mbali. Kumbe nimeruka majivu nikakanyaga moto.

Ni wasichana wawili wa mtaa maskini wa Naples, miaka ya 1950. Msimulizi ni Elena, wanamwita Lenù, binti wa tarishi katika ofisi za manispaa. Rafiki yake ni Lila, binti wa fundi viatu. Lila alijifunza kusoma peke yake kabla mtu yeyote hajagundua. Shule ya msingi inapoisha, wazazi wa Lenù wanagombana kisha wanakubali aendelee. Babake Lila anakataa. Lila anapiga kelele, anadai haki yake, na babake anamrusha kupitia dirishani, mkono unavunjika. Hapo njia zinagawanyika. Mmoja anaenda kusoma Kilatini, mwingine anaenda kwenye karakana ya viatu. Lakini kila Lenù anapojifunza kitu kipya, anakuta Lila ameshajifunza kutoka vitabu vya maktaba, na anakijua vizuri zaidi.

Kama hujaisoma na unataka kuisoma bila kuharibiwa utamu, fika hapa. Kuanzia hapa nitafichua mambo.

Mbinu ya kwanza, darasani tungeiita mbinu rejeshi. Riwaya inaanzia mwishoni. Lenù amezeeka, anaishi Turin. Simu inalia: ni mwanawe Lila, anasema mamake ametoweka. Lila ana miaka 66. Hakuacha nguo, hakuacha kitabu, na kwenye picha za familia amejikata akajitoa. Lenù anaelewa kabla ya huyo mtoto kuelewa. Lila hakupotea, amejifuta. Kwa miaka mingi alisema anataka kuondoka bila kuacha hata unywele. Lenù anafanya nini? Anakasirika. Anawasha kompyuta na kuanza kuandika kila kitu anachokumbuka.

Kwenye mtihani ungeandika kwamba mbinu rejeshi inajenga taharuki, ukachukua alama zako. Lakini fikiria imekufanyia nini wewe msomaji. Hujafika mbali, na tayari umeambiwa kwamba mwenye maisha haya hakutaka yaandikwe. Utamu wote unaofuata unaufurahia ukiwa umeshika mali ambayo mwenyewe alisema haiuzwi. Ferrante angeweza kuanza na wasichana wawili wakicheza uani, na sote tungeingia kwa furaha. Badala yake aliweka kosa mlangoni, ili kila anayeingia alikanyage.

Mbinu ya pili ni usimulizi wa nafsi ya kwanza. Siku moja Lila anamshawishi Lenù watoroke waende kuona bahari. Wanapita kwenye handaki refu, wanatokea upande wa pili, nje ya dunia wanayoijua. Lenù ana furaha ya ajabu. Kisha mawingu yanakusanyika, mvua inaanza, na Lila, ambaye haogopi kitu, ndiye anayegeuka na kutaka warudi. Nyumbani Lenù anachapwa. Kesho yake Lila anatazama alama za kipigo na kuuliza kama bado watampeleka shule. Lenù anabaki na swali ambalo hataliweka chini hata akiwa mzee. Je, Lila alimtorosha ili wazazi wakasirike na kumnyima shule, kama yeye alivyonyimwa? Au alimrudisha mbio ili asinyimwe? Au alitaka yote mawili, saa tofauti za siku hiyohiyo?

Kisichokuwepo kwenye sehemu hiyo ni maelezo ya Lila mwenyewe. Hatayatoa kamwe. Tulifundishwa kwamba msimulizi asiyeaminika ni yule anayedanganya. Sidhani Lenù anadanganya. Shida yake ni kwamba kalamu iko mkononi mwake tu. Na mtu aliye peke yake na kalamu, akiwa na haki kidogo, anaweza kufanya jambo moja: kuacha swali wazi. Kukubali kuandika "sijui" mahali ambapo hadithi ingependeza zaidi kama angejua.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Nilikuwa nimekumbuka hadithi yangu ya shilingi 8,000. Haikuwa na "sijui" hata moja.

*

Sasa nikuambie ilivyokuwa kwenye ule mlango wa stoo.

Mamake Dawati hakulia. Alisimama wima, leso begani, akijibu kila swali kwa "ndiyo, mwalimu." Aliyelia ni Dawati, na hakulia vizuri. Kulikuwa na kamasi. Kulikuwa na matusi. Alimwambia aliyekuwa akihesabu vitabu maneno ambayo ningeyaandika hapa kama angeniruhusu. Nilimtoa kwenye hadithi kwa sababu mama anayelia kimya anauza. Msomaji anajua afanye nini na mama anayelia kimya: anamhurumia, anasambaza, analala. Msichana wa miaka 16 anayetukana huku machozi yanamtoka anakutazama wewe. Anataka kitu.

Na kuna mtu wa pili niliyemtoa. Kile kitabu cha Jiografia kilichokosekana kilikuwa ndani ya mkoba wangu.

Dawati alikuwa ameniazima wiki mbili kabla. Nilisimama hatua nne kutoka mlangoni, mkoba mgongoni, nikasikia mamake akiambiwa kwamba kitabu lazima kilipwe, na nikasikia akiuliza kama anaweza kuleta pesa Ijumaa. Sikufungua mdomo. Wiki iliyofuata nilikirudisha, nikasema nimekiokota.

Kwa nini sikusema? Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa woga, na woga ulikuwepo. Lakini nakumbuka pia kwamba nilikuwa nahesabu insha. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa nahesabu, na siku ile niliona hesabu inafungwa. Je, nilitaka abaki? Nilimpenda, nilishindwa kula siku mbili. Je, nilitaka aende? Muhula uliofuata insha iliyosomwa mbele ya darasa ilikuwa yangu kila wiki, na sikuchoka kusikia jina langu. Nilitaka lipi? Sijui.

Hiyo ndiyo "sijui" niliyokuwa nikidaiwa. Ilinichukua miaka nane kuiandika.

*

Twende mbele kidogo, kwa sababu Ferrante haishii hapo.

Darasani tunapenda taashira, na riwaya hii inazo: wanasesere wawili ambao wasichana wanawatupa kwenye giza la ghala, na viatu ambavyo Lila anavichora utotoni na kuvitengeneza kwa mikono yake pamoja na kakake. Sitakuhesabia zote. Ninataka moja tu, viatu. Lila anaolewa akiwa na miaka 16 na mwenye duka ambaye alinunua vile viatu na kuahidi kuvithamini. Riwaya inaisha harusini, pale mwanamume ambaye Lila anamchukia kuliko wote anapoingia ukumbini akiwa amevivaa. Kitu alichokitengeneza kwa mikono yake kimekuja kwenye harusi yake kikiwa miguuni mwa adui. Hakuna hotuba. Tunaona viatu, basi.

Nilipoiona sentensi ya Dawati ikitembea kwenye WhatsApp na jina langu chini yake, nilikuwa nimevaa viatu vyake. Ni kwamba tu sikuwa nimetazama chini.

Halafu kuna anwani. Rafiki mwenye kipaji. Unasoma karibu riwaya nzima ukijua huyo ni nani: ni Lila, bila shaka, Lila aliyeandika kijitabu chake akiwa mtoto, Lila anayejua kila kitu bila kufundishwa. Asubuhi ya harusi, Lenù anamwogesha rafiki yake na kumvalisha. Lila anamwambia aendelee kusoma, hata karo yuko tayari kumlipia. Na anamwita yeye, Lenù, kwa yale maneno ya anwani. Kinaya. Wa kwanza kutoa sifa hiyo ni yule aliyenyimwa shule, na anampa aliyebahatika. Msomaji anajiuliza kama ni zawadi au ni mzigo. Mtu akikuambia wewe ndiye utakayefika kwa niaba yetu sote, je, amekusukuma mbele au amekukalia begani?

Hata lugha ni mbinu. Watu wa mtaa ule wanaongea lahaja ya Naples, lakini Lenù anatusimulia kwa Kiitaliano cha shule, na mara nyingi anatuambia tu kwamba fulani amesema kwa lahaja. Lahaja yenyewe hatuipati. Lugha ya usimulizi ni ile aliyoipata kwa kwenda mahali ambapo Lila hakwenda. Mimi na Dawati tuliongea Sheng hadi langoni na Kiswahili sanifu ndani ya insha. Katika hadithi yangu nilimpa mamake Kiswahili ambacho hajawahi kukiongea maishani, chenye "ilhali" na "aghalabu." Nilidhani ninampa heshima. Nilikuwa ninamnyamazisha kwa sauti nzuri.

Kwenye riwaya ya pili mambo yanakuwa wazi zaidi. Mwaka 1966 Lila anampa Lenù kisanduku chenye daftari zake, anamwomba asizifungue. Lenù anazisoma zote, anakariri sehemu alizozipenda, kisha anazitupa mtoni Arno, kwenye daraja moja la mji wa Pisa. Baadaye Lenù anachapisha riwaya yake ya kwanza, na siku moja anakishika tena kile kijitabu ambacho Lila aliandika utotoni, Fata wa Buluu. Anagundua kwamba moyo wa kitabu chake umetoka pale. Anampelekea Lila kwenye kiwanda cha soseji anakofanya kazi, kama mtu anayerudisha deni. Lila anakitupa motoni.

Sisi Wakenya wa rika langu tuna jina la mtu wa namna hii. Katika Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora, riwaya tuliyoisoma kwa mtihani, Mwalimu Majisifu anauiba mswada wa kijana Amani na kuuchapisha kama wake. Tulimlaani Majisifu darasa zima. Niliandika insha ya kurasa tatu kuhusu unyama wake, nikapata alama 17 kwa 20. Nyuma ya daftari langu la hesabu, wakati huohuo, kulikuwa na sentensi ya Dawati.

Tofauti ya Majisifu na Lenù ni nini basi? Kwa kitendo, si kubwa sana. Tofauti iko kwenye usimulizi. Wizi wa Majisifu tunaujua kwa sababu mtu mwingine anausimulia. Wizi wa Lenù tunaujua kwa sababu ameuandika mwenyewe. Daftari zilizotupwa mtoni, moto wa kiwandani, ahadi aliyoivunja uzeeni pale alipoandika kitabu kuhusu urafiki wao ilhali Lila alimkataza: hakuna ambaye angetuambia kama si yeye. Ameacha ushahidi dhidi yake ndani ya kitabu chake. Kwa muda fulani nilidhani hilo ndilo jibu la kimaadili. Ukiandika maisha ya mtu mwingine, weka na dhambi zako mezani, mambo yatakuwa sawa.

*

Hayawi sawa. Nilifikiria hivyo wiki nzima kabla ya kuona shimo.

Kukiri nako ni mbinu. Msimulizi anayejisema vibaya anapendwa. Hata hapa, nilipokuambia kuhusu kitabu cha Jiografia, kuna sehemu yako iliyosema: angalau ni mkweli huyu. Ona, nimepata tena. Nimemtumia Dawati mara ya pili, safari hii kununua sifa ya ukweli, na bado yeye hajapata kitu. Mwizi akisimama sokoni na kutangaza jinsi alivyoiba, kwa ufasaha, watu wakampigia makofi, mwenye mali bado anaenda nyumbani mikono mitupu.

Kuna jambo lingine lililonisumbua. Tangu niache chuo nilikuwa nimejiweka upande wa Lila. Mimi ndiye niliyekosa cheti, mimi ndiye ninayeandika hotuba za harusi kwa shilingi 1,500, wenzangu wamehitimu na kupiga picha na kofia. Inapendeza kuwa Lila. Lila amedhulumiwa, Lila ana kipaji, Lila hana deni kwa mtu. Lakini kuacha chuo hakukunifanya Lila. Swali si nani ana cheti. Swali ni nani ana kalamu, na nani yuko upande wa pili wa kalamu. Kwenye ule mlango wa stoo nilikuwa Lenù nikiwa na miaka 16, na kila nikifungua kompyuta nikatafuta kitu cha kuuza, mimi ni Lenù.

Kwa hiyo siku ya kumi na moja nilimpigia simu.

Sitaiandika simu yote. Nilimwambia kuhusu kitabu cha Jiografia. Akanyamaza, kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Nilijua unacho. Si ni mimi nilikupatia? Nilikuwa nangoja useme."

Alikuwa amengoja. Hatua nne kutoka kwangu, akilia, alikuwa ananitazama akingoja niseme, na mimi kwa miaka nane nilikuwa nimeamini kwamba hakuniona. Hiyo sikuipata kwenye mbinu yoyote. Niliipata kwa kuuliza.

Sasa nadhani hapa ndipo riwaya ya Ferrante inaponiacha, na sio kosa lake. Riwaya inaweza kutufundisha kusikia kimya cha Lila. Inaweza kuweka kosa mlangoni, kuacha swali wazi, kututazamisha viatu. Haiwezi kumpigia Lila simu, kwa sababu Lila ni wa karatasi. Dawati si wa karatasi. Ana duka dogo la vifaa vya umeme, ana mtoto wa miaka mitatu, na bado anasoma kitu mara moja na kugeuka dirishani. Yule tunayemwandika akiwa hai na ana namba ya simu, mbinu bora kuliko zote haiwezi kuchukua nafasi ya kumuuliza. Najua waandishi watasema kwamba vitabu vingi vizuri havingekuwepo kama kila mtu angeulizwa. Ni kweli. Vingine vingekosekana. Lakini tusijifanye kwamba gharama hiyo inalipwa na sisi.

Nilimwomba ruhusa ya kuandika makala hii. Alinipa masharti manne. Jina lake lisiwepo. Mamake asilie. Sentensi ya njaa iandikwe kuwa ni yake, na ndiyo maana umeikuta mapema, mahali alipoiandika yeye, na sio mwishoni nilipoiweka mimi. Na nusu ya pesa nitakayolipwa nimtumie kwa M-Pesa siku hiyohiyo, "sio wiki ijayo, nakujua." Zile 4,000 za hadithi ya kwanza nimeshamtumia. Alijibu kwa neno moja: "Sawa." Sijui kama ni msamaha. Sijamuuliza, maana hilo nalo lingekuwa ni kumwomba kitu.

Wiki iliyopita nilimtumia rasimu yote. Alirudisha baada ya siku mbili. Alisema sehemu za Italia ni ndefu lakini ameelewa, na kwamba huyo Lila angepaswa kudai pesa yake mapema. Kisha akaomba nitoe aya moja. Ilihusu jambo alilofanya yeye na mamake jioni ya siku ile, walipofika nyumbani na kitabu kimoja kikiwa hakijalipwa. Alikuwa amenisimulia kwenye simu, nikaiandika usiku huohuo bila kusita hata neno moja.

Ilikuwa aya nzuri kuliko zote. Nimeitoa.